Siyu, kijiji kilichomtoa jasho Sultani wa Zanzibar

MSAFIRI anayekwenda Siyu hutawaliwa na maji kujaa na kupwa, wala si na saa ya mkononi. Mashua zitokazo Lamu hupita Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari ulio kati ya kisiwa cha Manda na bara, na maji yakiwa yamekupwa nahodha hana la kufanya ila kungoja. Abiria huteremkia Mtangawanda, upande wa magharibi wa kisiwa cha Pate, kisha huendelea kwa nchi kavu.

Siyu yenyewe imejificha mwisho wa hori lililosongwa na mikoko, ambalo maji yakitoka hubaki tope tupu. Mgeni anaweza kujiuliza ni nani aliyechagua kujenga mji mahali pagumu hivyo kufikika. Jibu limo katika swali hilo hilo: adui naye alipata taabu kufika.

Leo Siyu ni kijiji cha wavuvi, wakulima na mafundi. Hata hivyo, Mreno Gaspar de São Bernardino aliyezuru kisiwa hicho mwaka wa 1606 aliuona kuwa mji mkubwa kupita yote kisiwani. Kwa karne kadhaa zilizofuata ulikuwa makao ya wanazuoni, waandishi wa misahafu, wachonga milango na mafundi wa ngozi. Misahafu ya Siyu, iliyonakiliwa kwa mkono na kupambwa kwa wino wa rangi, ni miongoni mwa kazi bora za sanaa ya Waswahili, na baadhi yake sasa imehifadhiwa katika makumbusho.

Kinachomvutia mgeni kwanza ni ngome, inayoukabili mlango wa hori kwa kuta za mawe ya matumbawe na chokaa. Watu wengi wakiona ngome pwani hudhani mara moja ni kazi ya Mreno au Mwarabu aliyekuja kutawala. Wataalamu hawajakubaliana kuhusu asili ya ngome ya Siyu, lakini kauli yenye uzito mkubwa, na ambayo mwandishi huyu anaiunga mkono, ni kwamba wenyeji ndio walioijenga katika karne ya 19 ili kumzuia mtawala wa nje.

Mtawala huyo alikuwa Seyyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar. Siyu ilikuwa chini ya Bwana Mataka, wa ukoo wa Wafamau, aliyekataa kata kata kumtii. Mwanzoni mwa mwaka wa 1844 Sultani alituma jeshi chini ya Amiri Hammad, likashukia Faza na kuelekea Siyu. Lilishambuliwa ghafla njiani, likarudishwa nyuma, na Amiri mwenyewe akauawa. Zanzibar, iliyokuwa ikiogopwa pwani nzima, ilishindwa na watu wa hori la mikoko. Siyu ilikuja kusalimu amri mwaka wa 1863, enzi ya Sultani Majid, wakati Seyyid Said alikuwa ameshafariki.

Wasomi wa fasihi wanaijua nyumba ya Bwana Mataka kwa sababu nyingine. Mkewe alikuwa Mwana Kupona binti Msham, aliyemtungia bintiye utendi wa mawaidha mwaka wa 1858. Wanafunzi wengi husoma utendi huo bila kuelezwa kwamba mtungaji alikuwa mjane wa mpiganaji.

Mwendo wa karibu saa moja kwa miguu kutoka Siyu kuna magofu ya Shanga, na hapa historia inarudi nyuma zaidi. Mwanaakiolojia Mark Horton alichimba hapo katika miaka ya 1980, akakuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine mahali pale pale: ya chini kabisa ilikuwa midogo, ya miti na udongo, ya karne ya nane, na ya juu ilikuwa ya mawe. Zilipatikana pia sarafu ndogo za fedha zenye majina ya Kiislamu. Maana yake ni kwamba mji ulikua hatua kwa hatua kutoka kijiji cha Kiafrika, wala haukuletwa mzima mzima kwa jahazi kutoka Uarabuni.

Kuna masimulizi kwamba mabaharia Wachina waliozama karibu na hapo walioa na kuacha kizazi, na wengine hulihusisha jina Shanga na Shanghai. Masimulizi hayo yalivuma sana mwaka wa 2005, China ilipoadhimisha miaka 600 ya safari za Zheng He. Vigae vya Kichina vimepatikana Shanga, lakini vigae huletwa na biashara. Isitoshe, merikebu za Zheng He zilifika Afrika Mashariki katika karne ya 15, mji huo ukiwa tayari na umri wa zaidi ya miaka 600 na ukikaribia kuhamwa.

Makumbusho ya Taifa yamekuwa yakiitunza ngome, ila chumvi ya bahari na mizizi ya miti havina likizo. Wageni nao walipungua baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, na kila mgeni asiyefika ni jozi ya makubadhi isiyonunuliwa. Fundi wa ngozi akikosa mnunuzi, mwanawe hutafuta kazi nyingine.

Anayetaka kwenda na amuulize nahodha kwanza habari za bamvua, aende na maji na arudi na maji.