Mungu mwamini bila ushahidi, lakini jirani je?

Ukipita Kisii au Nyamira Jumamosi asubuhi, utaona vijana wa rika lako wakielekea kanisa la Waadventista. Kesho yake ni zamu ya Wakatoliki na wengine. Sasa hebu muulize mmoja: una ushahidi gani kuwa Mungu yupo? Kuna atakayekuonyesha vilima vya Manga na kukuuliza viliumbwa na nani. Mwingine atakwambia imani haitaki hesabu.

Hoja hizo ni za kale. Thomas Aquinas, padri wa karne ya 13, aliandika njia tano za kuthibitisha Mungu yupo. Blaise Pascal, mwanahesabu Mfaransa, alishikilia kuwa akili peke yake haifiki huko. Mjadala ungalipo, kwa hivyo usitarajie kuumaliza wewe kwenye steji ya matatu.

Tena ushahidi wenyewe unaweza kukuchezea. Mnamo 1913 Onyango Dunde wa Alego alianzisha dini ya Mumbo, iliyoenea hadi Gusii ikitabiri kuwa Wazungu wangeondoka. Septemba 1914 Wajerumani wakaingia mji wa Kisii, maafisa wa Uingereza wakiwa wameshatoroka. Si utabiri umetimia? Muda si muda Waingereza wakarudi, wakatwaa mifugo ya wenyeji kama adhabu ya uporaji.

Basi tofautisha mambo mawili. Kuwepo kwa Mungu hakupimwi kwa mizani, na ukiamini, hiyo ni kati yako na Yeye. Lakini mtu akikwambia eti nyanya wa boma lile ni mchawi, hilo ni dai kuhusu binadamu, na gharama yake ni damu. Mei 2008 watu 11 waliuawa Kisii wakishukiwa kuwa wachawi. Oktoba 2021, huko Marani, wakongwe wanne wa kike waliuawa kwa tuhuma iyo hiyo. "Lisemwalo lipo" si ushahidi, bana.

Na usidhani kuuliza ni dhambi. Mtume Tomaso alitaka kuona alama za misumari, akaonyeshwa, hakufukuzwa.

Kwa hivyo omba, funga, imba kwaya. Ila siku umati ukipita kwenu na viberiti, simama uulize: nani aliona, aliona nini? Kisha mpigie chifu au polisi simu upesi, kabla nyumba ya mtu haijawaka.