Upepo wa Kutengeneza

Juma hili nataka tuzungumze juu ya upepo. Sisemi kaskazi wala kusi, nasema upepo unaotengenezwa ndani ya nyumba.

Siku hizi mitambo ya kufua umeme kwa upepo husimamishwa hata kwenye bahari ya kina kirefu. Huelea juu ya maboya makubwa yaliyofungwa kwa minyororo na nanga. Mnara ukipinduka, fedha nyingi zimezama, na fundi aliye juu yake hana pa kukimbilia. Kwa hiyo, kabla ya kujenga, wataalamu huunda mfano mdogo, huuelekeza kwenye bwawa lenye mawimbi ya mashine, kisha huupulizia upepo.

Utasema, si kuwasha feni tu? Hata mimi niliwaza hivyo. Lakini hebu shika karatasi mbele ya feni ya mezani. Hapa inapepea, ukisogea pembeni kidogo inalala. Tena upepo wa feni hujizungusha kama mapanga yake. Ndiyo maana maabara hupanga feni nyingi kwa safu, na mbele yake huweka vitundu kama vya sega la nyuki ili kuunyoosha upepo, na nyavu za kuusawazisha.

Kazi haiishii hapo. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Maine cha Marekani kilijaribu mifano yake katika bwawa la taasisi ya MARIN, mjini Wageningen, Uholanzi. Vipimo vilipunguzwa mara 50. Wimbi la mita 10 huwa la sentimita 20, na gurudumu la mapanga lenye upana wa mita 126 likawa la mita mbili na nusu. Kwa kanuni ya William Froude, Mwingereza aliyepima mifano ya meli karne ya 19, uzito hugawanywa kwa 125,000, lakini kasi ya upepo kwa 7 tu hivi.

Mapanga yalinakiliwa umbo lile lile. Hata hivyo, upepo haukuyasukuma inavyopasa. Kwa nini? Mfano ulipunguzwa, hewa haikupunguzwa. Kwa panga dogo katika upepo wa polepole, hewa ni kana kwamba imeanza kunata kama uji, haitelezi vizuri mgongoni mwa panga. Na msukumo huo ndio unaouinamisha mnara unaoelea! Ikabidi upepo uongezwe kasi, lakini upepo mkali hupiga pia mnara kupita kiasi.

Baadaye wakakubali kuyabadili mapanga. Wakatengeneza mapya, mapana zaidi, yasiyofanana na yale ya kweli kwa sura lakini yanayosukumwa kwa kiasi kinachotakiwa. Mwaka 2013 majaribio yakarudiwa Wageningen.

Ndugu wasikilizaji, mimi nawasifu kwa hilo. Ingekuwa rahisi kuonyesha picha ya mfano uliofanana na mtambo halisi na kusema umefaulu. Lakini bahari haiangalii sura. Basi tukiambiwa kitu kimejaribiwa, kiwe mtambo, daraja au kivuko, tusiridhike na neno hilo. Tuulize: kilipojaribiwa, nguvu zilizokipiga zililingana na zile zitakazokipiga siku ya kazi?

Hadi juma lijalo, kwaherini.