Kuvuta Kuna Kipimo

Ijumaa moja, baada ya kutoka msikitini, tulikuwa tumekaa barazani Mji wa Kale tukingoja chakula, mara mpwa wangu akaja na gari lake jipya akalisimamisha mbele ya mlango. Nasema jipya kwa kuwa lilikuwa jipya kwake. Waama lilikwisha kutumika Japani kabla ya kupakiwa melini na kuteremshwa Kilindini, kama yateremshwavyo magari mengi tuyaonayo mjini humu. Lilikuwa ni Toyota 86, gari la milango miwili, la chini, lililotengenezwa kwa ajili ya watu wapendao mbio. Watoto wa mtaa wakalizunguka. Na sisi wazee tuliinuka, tukijisingizia kunyoosha miguu.

Kilichonishangaza si gari bali magurudumu yake. Rimu zilikuwa pana, zang'aa kama sinia ya shaba iliyosuguliwa kwa ndimu. Na tairi lililovikwa juu yake lilikuwa jembamba kuliko rimu yenyewe, ubavu wake umelala mshazari, umevutwa huku na huku mfano wa ngozi iliyowambwa juu ya ngoma.

"Waonaje, Mjomba?" akaniuliza. "Wiki tatu zijazo, Mungu akipenda, nitamchukua dada humu nimpeleke Malindi kwa mumewe."

"Lavutia," nikamjibu.

Neno hilo moja, wasomaji wapenzi, ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Kwani nilikuwa najua jambo, nami nikalinyamazia.

Nimeendesha gari tangu ujana wangu, na mzee aliyenifundisha hakunipa usukani mpaka nilipojua kusoma ubavu wa tairi. Wengi hudhani maandishi yale ni jina la kiwanda basi, kumbe mna hesabu. Matairi ya mpwa wangu yaliandikwa 215/40R18. Hiyo 215 ni upana wa tairi kwa milimita. Hiyo 40 ni kimo cha ubavu, nacho ni asilimia 40 ya upana ule, yaani milimita 86. Herufi R yaeleza kuwa nyuzi za ndani zapita moja kwa moja kutoka mdomo hadi mdomo, na 18 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Lakini liko jambo la pili ambalo halikuandikwa ubavuni, nalo hupatikana katika vitabu vya watengenezaji. Kila kipimo cha tairi kina mpaka wa upana wa rimu impasayo. Tairi la 215/40R18 lapaswa kuvikwa rimu yenye upana wa inchi 7 hadi inchi 8 na nusu. Rimu za mpwa wangu zilikuwa za inchi 9 na nusu, yaani kiasi cha milimita 241. Tairi la milimita 215 limekalia rimu ya milimita 241! Limepita mpaka kwa inchi nzima. Na magari ya aina ile yalipoanza kuuzwa mwaka 2012, mengi yalikuja na rimu za upana wa inchi 7 tu na matairi ya 215/45R17, vazi na mvaaji wamelingana.

Hayo yote niliyaona kwa mtazamo mmoja pale barazani. Lakini kijana alikuwa na furaha, majirani wanatazama, nami sikutaka kuwa mzee wa kuharibu karamu.

Mtindo huu haukuzaliwa kwetu. Wajapani ni miongoni mwa waliouendeleza sana, na lugha yao ina maneno yake. Kuvuta huita hippari, na tairi lililovutwa ni hippari taiya. Gurudumu likilingana sawasawa na ukingo wa madigadi, lisizidi wala lisipungue, huita tsuraichi. Na gurudumu lililolazwa mno mpaka likasimama mshazari huita onikyan, na oni kwao ni zimwi. Hata jina la 86 lina nasaba yake: latokana na gari dogo la Toyota liitwalo AE86, lililotoka mwaka 1983, ambalo dereva Keiichi Tsuchiya alilipatia sifa kubwa kwa kulitelezesha kwenye kona.

Nao hawakuanza kuvuta tairi kwa wazimu. Shida ilikuwa ni nafasi. Mtu ameteremsha gari lake chini, ametia rimu pana, sasa bega la tairi lakwaruza madigadi. Akivika tairi jembamba, bega lake hurudi ndani na gurudumu huzunguka bila kugusa. Basi dawa ya shida ikageuka kuwa pambo, na pambo likageuka kuwa mashindano ya nani avute zaidi. Lakini hata huko serikali haikuacha mambo yende ovyo. Magari hukaguliwa kila baada ya muda, na sheria ilipolegezwa mwaka 2017 iliruhusu tairi kutokeza nje ya bodi kwa milimita 10 tu. Na kinachoruhusiwa kutokeza ni mpira, si rimu. Mwenye tairi lililovutwa hana faida na ruhusa hiyo, kwani kwake rimu ndiyo itanguliayo nje.

Wiki iliyofuata tairi moja lilipoteza upepo, nikafuatana na mpwa wangu hadi karakana. Hapo ndipo nilipoona jinsi vazi hili livikwavyo. Fundi alilitia tairi kwenye rimu, lakini midomo yake haikuzifikia kingo. Kila alipotia upepo, ulitoka pande zote kama pumzi ya mtu aliyechoka. Basi akachukua mkebe wa dawa ya kupuliza ishikayo moto, akapuliza ndani ya tairi, akasogea nyuma, akawasha kiberiti.

Mlio wake ulikuwa kama wa mzinga. Tairi likaruka, midomo ikakamata, vijana wakapiga makofi. Fundi naye akajipangusa uso, nikaona nyusi zake zimeungua ncha.

"Hivyo ndivyo mufanyavyo?" nikamuuliza.

"Kila siku, mzee wangu. Usiogope."

Niliogopa, na nilikuwa na haki ya kuogopa. Moto ule hauna kipimo. Hakuna ajuaye umesukuma kwa nguvu kiasi gani, wala umeunguza nini ndani ambako jicho halifiki. Fundi mwenye kujali huipaka midomo sabuni ya tairi, huitoa sindano ya valvu ili upepo uingie kwa wingi, na akishindwa hutumia mtungi wa upepo ulioshindiliwa unaofunguliwa kwa mara moja. Wala hapitishi paundi 40 ili kuikalisha midomo. Ikikataa kukaa kwa paundi 40, hutoa upepo wote akatazama kasoro iko wapi. Watu wamekatika mikono, na wengine wamekufa, kwa tairi lililopasuka likitiwa upepo.

Njiani nilimwambia mpwa wangu kuwa jambo lile halikunipendeza. Akacheka. "Mjomba, tairi lililovutwa haliyumbi. Ukikata usukani, gari lafuata papo hapo." Na neno lake halikuwa uongo mtupu. Ubavu ukinyooshwa kidogo, ndani ya mpaka uliowekwa, huwa mgumu, na gari huitikia upesi. Hata wa mashindano huchagua rimu iliyo upande mpana wa kipimo. Kwa kuwa alikuwa na nusu ya haki, nami nilikuwa mvivu wa kubishana, nikanyamaza mara ya pili.

Siku nne baadaye, baada ya magharibi, simu ikalia. Alikuwa akitoka Mtwapa kuja mjini, peke yake. Kwenye kona alikata usukani kukwepa shimo, na gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa limepungua upepo pasi na yeye kujua.

Hapa yafaa nieleze, maana ndiyo kiini cha jambo. Tairi halikugundishwa kwenye rimu. Mdomo wake, uliotiwa waya wa chuma ndani, hushikwa pale na nguvu ya upepo unaousukuma nje, kwenye ukingo. Tairi la kipimo chake likipungua upepo kidogo, ubavu wake uliosimama wima bado husaidia. Lililovutwa, ubavu wake wauvuta mdomo kwenda ndani wakati wote; upepo peke yake ndio uuzuiao. Upepo ukipungua na gari likaegemea upande katika kona, mdomo huchomoka ukatumbukia katikati ya rimu, na upepo wote hutoka kwa mara moja. Na kwa kuwa hakuna mpira uliotokeza kuikinga rimu, chuma hukutana na lami.

Ndivyo ilivyokuwa. Gari lilizunguka likavuka upande wa pili, likasimama likitazama lilikotoka, hatua chache kutoka kibanda cha muuza madafu. Alhamdulillahi, hapakuwa na gari lililokuja. Nilipofika nilimkuta ameketi ukingoni mwa barabara, dafu mkononi hajalinywa. Rimu yake nzuri ilikuwa imelika kama mwezi wa siku ya ishirini.

"Mjomba," akaniambia, "ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

Nimetunga mashairi kwa zaidi ya miaka thelathini, na sikupata neno la kumjibu.

Usiku ule tulikaa barazani, na hapo nikamwambia niliyostahili kumwambia mwanzo. Nilimkumbusha chuoni, kwani yeye pia alisoma. Mwalimu wetu alipotufundisha madda, yaani kuivuta sauti katika kisomo, alitufundisha kwa vidole. Madda hii ni harakati mbili: kunja vidole viwili. Hii ni nne. Na ile ndefu kabisa ni sita, kisha basi. Mtoto mwenye sauti nzuri alikuwa akipenda kuvuta ipite sita ili tumsifu, na mwalimu alikuwa akimsimamisha palepale. Hakumwambia kuwa sauti yake mbaya. Alimwambia kuwa uzuri hauhalalishi kupita mpaka.

Nasi washairi tuna ruhusa kama hiyo. Mtu akipungukiwa na mizani huweza kulirefusha neno, na hilo huitwa mazida. Lakini ukilivuta mpaka maana ikachomoka, huna tena shairi, una kelele zenye vina. Hata mwamba ngoma hujua: ngozi isipovutwa hailii, na ikivutwa mno hupasuka. Basi kuvuta si haramu. Kuvuta kuna kipimo, na aliyekitengeneza kitu ndiye aliyekipima.

Kijana alinisikiliza. Kisha akauliza swali la mtu mwenye akili: "Je, rimu hizi nizitupe?" Nikamwambia la. Rimu si mkosaji. Mkosaji ni ndoa isiyo na usawa. Rimu ya inchi 9 na nusu ina mume wake, mathalani tairi la 245/35R18, ambalo mpaka wake ni inchi 8 hadi 9 na nusu, na urefu wake wa kusimama wakaribia kuwa sawa na lile alilokuwa nalo. Lakini tairi hilo lataka nafasi, kwa hivyo gari lipandishwe kidogo na madigadi yatazamwe yasikwaruze. Na kwa rimu yoyote ile, upepo upimwe kila wiki asubuhi, matairi yakiwa baridi.

Dadangu aliposikia yaliyotokea hakusema mengi. Alinitazama tu, akasema, "Na bibi arusi je?" Swali hilo alinielekezea mimi, si mwanawe.

Siku ya arusi mpwa wangu alirudisha rimu za kiwandani na matairi yake ya 215/45R17. Gari halikung'aa kama lile la Ijumaa. Lilifungwa utepe na maua, bibi arusi akapanda na buibui lake jipya, vigelegele vikapigwa, msafara ukashika njia ya Nyali, Mtwapa, Kilifi hadi Malindi. Mimi nilikuwa katika gari la nyuma yake, na safari nzima macho yangu yalikuwa kwenye magurudumu yale manyenyekevu, yamesimama wima kwenye rimu zake, yazunguka bila kumwambia mtu neno. Ile kona tuliipita. Muuza madafu alikuwapo, akatupungia mkono.

Miezi miwili baadaye kijana alinunua yale ya 245, akalipandisha gari vidole viwili. Wenzake walimcheka kidogo kisha wakaacha. Lakini wako vijana wengi mjini humu, na katika miji mingine, ambao bado wavuta, na kila mmoja ana mjomba, au baba, au jirani aliyeona akasema "lavutia". Kwa hao wazee wenzangu ndio nimeandika, na kwa vijana natoa ubeti huu:

Ewe mvuta tairi, kuvuta kuna kipimo,
Asiyejali hatari, huchimba mwenyewe shimo,
Watakao kwenda kheri, huyasoma yaliyomo,
Ngoma iwambwe kadiri, udumu wake mvumo.