Jina la petroli lisituhadae

Katika vituo vyetu vya mafuta, petroli ya kawaida ndiyo iitwayo "super". Si ajabu wengi wakadhani hakuna iliyo bora kuliko hiyo. Ipo, nayo ni ile ya bei ghali yenye oktani nyingi zaidi. Lakini oktani si nguvu. Ni kipimo, kilichobuniwa Marekani katika miaka ya 1920, cha uwezo wa petroli kustahimili kubanwa bila kujiwasha yenyewe kabla ya wakati.

Turbo husukuma hewa zaidi ndani ya silinda, shinikizo na joto vikazidi. Petroli isiyostahimili hulipuka ovyo na injini hugonga. Magari ya kisasa huhisi mgongo huo na kuchelewesha cheche, nguvu zikapungua. Kugonga kukikithiri, pistoni huharibika.

Basi, mtengenezaji akisema oktani ya juu ni ya lazima, na atiiwe. Akiipendekeza tu, ya kawaida itatosha, ila gari litapungukiwa na nguvu kidogo. Gari lisiloihitaji halifaidiki kitu (wauzaji hawatuambii hilo).

Taabu ni kwamba magari yetu mengi yalitumika Japani kwanza, na maagizo kwenye kifuniko cha tangi yameandikwa Kijapani. Mwenye gari na amtafute wa kumsomea. Likiwapo neno "haioku", maana yake ni oktani ya juu, ambayo huko Japani huanzia 96.