Pikipiki Inayotikisa Mkia

Ndugu mfanyakazi, nawe mama unayepanda nyuma na mtoto mgongoni, kazini tunavaa kofia na kutii kengele. Lakini saa ya kazi ikiisha, wengi wetu tunarudi kwa pikipiki. Kati ya Bunia na Mongbwalu ni kilomita 80 hivi, na udongo mwekundu ukilowa huteleza. Pikipiki inayoyumba nyuma haina huruma na mtu hapo.

Wengine wakiona inayumba, hukimbilia dukani kununua amortiseri ngumu. Kabla ya kutoa feza, tafuta sababu.

Kwanza, pima upepo wa mipira asubuhi, ikiwa bado baridi. Mpira wa nyuma wenye upepo kidogo huyumba wenyewe.

Pili, simamisha pikipiki kwa stendi kubwa. Shika gurudumu la nyuma, ulisukume kushoto na kuume. Likicheza, bushi za mkono wa chuma unaolishika, au beringi zake, zimekwisha. Amortiseri mpya haitaponya ugonjwa huo.

Tatu, kandamiza kiti kwa nguvu, kisha achilia. Nyuma ikipanda mara moja na kutulia, ni vema. Ikirukaruka, au ukiona mafuta yanavuja, hapo amortiseri imekufa.

Ukinunua mpya, nunua mbili pamoja, zenye urefu sawa na za zamani. Zikiwa ndefu zaidi, mkia unainuka na usukani unakuwa mwepesi mno. Springi ngumu mno nayo ni hatari: ukiwa peke yako, gurudumu hurukaruka juu ya mawe na kukosa kushika njia. Kama springi zina ngazi za kukaza, kaza pande zote mbili sawasawa unapobeba mzigo, kisha legeza ukiutua.

Sasa tuseme juu ya portebagaji ndefu za kuchomelea. Chukua pikipiki ambayo toka gurudumu hata gurudumu ni sentimita 125. Weka mzigo wa kilo 60, sentimita 30 nyuma ya ekseli ya nyuma. Gurudumu la mbele linapunguziwa kilo 14 hivi, nalo ndilo la kukatia kona. Hakuna springi inayoweza kurudisha kilo hizo. Bidoni mbili za maji za litre 20 ni kilo 40: zifunge pande mbili, chini, karibu na kiti, wala si mwisho wa mkia.

Mwisho, fundi akikaza mnyororo, angalia alama za kushoto na za kuume zilingane. Zisipolingana, gurudumu linakwenda upande.

Mama, usione haya kuuliza kabla ya kupanda: «Nyuma imekazwa?» Jibu likiwa «tutaona njiani», shukeni wote, mpime kwanza.