Kuflashi simu: Ukombozi au hasara kwa mfanyabiashara?

WAFANYABIASHARA wa simu za mitumba katika Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, na wenzao wa Luthuli, Nairobi, wamezoea kukagua kioo, betri na kamera kabla ya kukubaliana bei. Wachache huizima simu na kuiwasha tena ili wasome kinachoandikwa kwenye kioo katika sekunde za mwanzo.

Sekunde hizo ndizo zinazoeleza kama simu bado ina kufuli lake la kiwandani. Simu nyingi za Android zilizofunguliwa hutoa onyo. Kwa simu zenye chipu ya MediaTek, zikiwamo Tecno na Infinix nyingi, onyo hilo huja na maneno Orange State. Mnunuzi akiliona, asikubali bei ya simu ambayo haijaguswa.

Kufuli hilo si la mtandao, wala si namba ya siri ya mwenye simu. Ni kazi ya programu ndogo iitwayo butiloda, ambayo huamka kwanza simu inapowashwa na kukagua kama programu mama ina saini ya kiwanda. Likishafunguliwa, mwenye simu anaweza kuflashi programu mama nyingine, au kuruti, yaani kujipa mamlaka yote ambayo kiwanda humnyima. Kulifungua hufuta kila kitu kilichomo, kuanzia picha hadi orodha ya wadaiwa.

Wanaofanya hivyo si wahuni wote. Januari 2025 Google ilipeleka apdeti katika simu zake za Pixel 4a, ambazo zilitoka mwaka 2020 kwa dola 349 za Marekani. Simu zilizoguswa zilipunguziwa uwezo wa betri na kasi ya kuchaji. Kampuni ilitoa fidia ya betri mpya, dola 50 taslimu, au punguzo la dola 100 kwa atakayenunua Pixel nyingine. Matoleo ya zamani yaliondolewa katika ukurasa wake wa kupakulia. Simu ililipiwa na mteja, lakini aliyeamua betri idumu kiasi gani ni mwingine.

Hata hivyo, uhuru huo una bei yake, na anayeilipa zaidi ni mtu ambaye simu ndiyo duka lake. Programu nyingi za benki huiuliza Google kama simu ni salama, na zikijibiwa vibaya hukataa kufunguka. Huduma za menyu, kama *150*00# ya M-Pesa Tanzania na *334# ya Kenya, hazipiti katika ukaguzi huo, kwa hiyo huendelea kufanya kazi. Lakini anayelipa wauzaji wa jumla kwa programu ya benki ataona tofauti siku hiyo hiyo.

Kwa Samsung hasara haifutiki. Tangu mwaka 2013 simu zake za daraja la juu zina fyuzi ya Knox, ambayo huungua mara programu mama isiyo ya kiwanda inapowekwa. Kurudisha programu ya asili hakuiponyi fyuzi. Kabati la siri na huduma ya malipo ya Samsung hupotea moja kwa moja.

Balaa kubwa, kwa maoni ya safu hii, ni IMEI. Fundi akiflashi simu ya MediaTek kwa faili la aina nyingine, au akifuta kila sehemu bila kuhifadhi nakala, namba hiyo inaweza kupotea na simu ikakosa mtandao. Tanzania ilizima simu zenye IMEI bandia Juni 2016, na kubadili namba hiyo ni kosa chini ya sheria ya mawasiliano ya mwaka 2010. Fundi anayeahidi kukuandikia nyingine anakuuzia kesi.

Apdeti baada ya kuruti

Wengi hupotelea hapa. Apdeti ndogo hulinganisha programu iliyopo na ya asili kabla ya kuibadili, na ikikuta faili la buti limeguswa hugoma. Anayetumia Magisk, chombo cha kuruti kilichotolewa na John Wu mwaka 2016, hurudisha kwanza faili la asili, huiacha apdeti iingie, kisha, kabla ya kuiwasha simu upya, huipandikiza Magisk katika nafasi ya pili.

Nafasi ya pili ni nini? Simu nyingi za miaka hii zina sehemu mbili za programu mama, A na B. Apdeti huingia katika ile isiyotumika, na ikishindwa simu hurudi katika ile ya zamani. Simu yenye nafasi moja haina bahati hiyo; ni lazima kupakua programu mama kamili ya modeli ile ile na kuanza upya.

Kurudi nyuma nako si hakika. Agosti 2022 Pixel 6, 6 Pro na 6a zilipopata Android 13, butiloda mpya ilizuia kurudi Android 12. Aidha, kosa baya kuliko yote ni kufunga tena kufuli wakati programu mama bado imechezewa. Simu hukataa kuwaka, na wakati mwingine haifunguki tena.

Kiwanda nacho kinaweza kuondoka na ufunguo. Huawei iliacha kutoa namba za kufungulia Julai 2018. LG, iliyoacha biashara ya simu mwaka 2021, ilifunga huduma yake mwishoni mwa mwaka huo huo.

Mwenye hamu ya kuruti na atafute simu ya pili, isiyo na laini ya fedha. Simu ya mauzo ibaki na kufuli na ipokee apdeti za usalama, baada ya kuhifadhi nakala za kumbukumbu zake. Anayenunua mtumba leo aizime na kuiwasha mbele ya muuzaji. Apige *#06#, alinganishe namba na ya kwenye boksi, na kwa Tanzania aitume kwenda 15090, kabla fedha hazijatoka mfukoni.