Taa ya Samaki na Taa ya Watu

Pito haina ziwa. Ni kata ya Manispaa ya Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, nchi ya mahindi, maharage na ulezi, ambako Juni na Julai watu hulala kwa blanketi mbili. Hata hivyo watu wa Pito wanaujua mwezi wa angani kwa kutazama kapu linalotoka sokoni. Mwezi ukiwa mkubwa, dagaa wa Kasanga, Kipili na Kirando huwa haba na sado yao hupanda bei. Mwezi ukiisha, wavuvi huingia ziwani gizani, magari yanapanda mlima na magunia, bei inashuka. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa kwa taa, na hakuna taa ya mvuvi inayoshindana na mbalamwezi.

Nilipokuwa mdogo, kazi yangu jikoni ilikuwa kuchambua dagaa, kutoa vichwa na mchanga. Mara kwa mara nilikuta fungu linalonuka mafuta ya taa. Mama alilitenga, akaliosha kwa maji ya moto mara tatu, na bado tulikula tumekunja uso. Baadaye ndipo nilipoelewa harufu ile ilikotoka: ndani ya chombo dumu la mafuta, karabai zinazovuja na samaki walikaa sakafu moja. Miaka hii sijaisikia tena. Kilichoiondoa ni taa ndogo ya LED inayokula umeme wa betri, na mabadiliko hayo yamepita kimya kimya kana kwamba ni jambo dogo.

Si dogo. Zamani watu wa ziwa hili walivua usiku kwa mienge ya kuni na nyasi kavu, moto ukiwaka upande mmoja wa mtumbwi na mtu akichota samaki kwa wavu wa mkono. Kisha ikaja karabai. Jina lenyewe limesafiri: karabai asili yake ni taa ya kabidi, yale mawe yanayotiwa maji yakatoa gesi inayowaka. Taa ya mafuta yenye pampu, ile ya aina ya Petromax iliyotoka Ujerumani, ilipofika kwetu ikarithi jina la mwenzake. Kwa taa hiyo vikaenea vipe, yaani mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti, wavu mpana ukiteremshwa katikati na taa zikining'inia juu ya maji. Viumbe wadogo wasioonekana vizuri kwa macho hupanda usiku kutoka kilindini, dagaa huwafuata na kukusanyika chini ya nuru, migebuka nao huwafuata dagaa. Wavu unapoinuliwa, wote hao huwa wamekwisha kukutana.

Lakini karabai ni mlaji. Taa kubwa ya aina hiyo humaliza lita moja ya mafuta kwa muda wa saa 8 hivi. Lita moja ya mafuta ya taa ina nishati ya karibu kilowati-saa 10, na sehemu kubwa mno ya nishati hiyo inatoka kama joto. Mvuvi ananunua jiko ili apate mwanga. Tone la mvua likidondokea kioo kilichopata moto, kioo kinapasuka. Wimbi likikitikisa kile kifuko chepesi cha nyuzi kinachotoa nuru, kinabomoka kama majivu, na chombo kinabaki na giza upande mmoja hadi mtu apapase akiba. Waliochomwa mikono na karabai kando ya ziwa hawahesabiki.

Ukaja mwaka 2011. Kabla yake mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo kuliko dizeli, na wafanyabiashara wasio waaminifu wakayachanganya na dizeli wapate faida. Uchakachuaji, neno ambalo nchi nzima ililijua miaka ile. Katika bajeti ya mwaka wa fedha 2011/12 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili pengo hilo lizibwe. Dawa ililenga matapeli wa vituo vya mafuta, lakini kikombe kilinywewa pia na mvuvi wa Kasanga na bibi wa kijijini mwenye koroboi. Naamini hapo ndipo karabai ilipoanza kufa. Mtu anaweza kuisifia taa mpya kwa mwaka mzima na asisikilizwe; dumu la mafuta likipanda bei, mwenye chombo husikiliza siku hiyo hiyo.

Tufanye hesabu ya kipe kimoja cha taa 8, kinachowasha saa 10 kwa usiku. Kwa karabai ni lita 10 hivi kila usiku. Kikivua siku 20 za giza, ni lita 200. Ukiweka bei ya shilingi 3,000 kwa lita, shilingi 600,000 zimeungua kwa mwezi mmoja, kabla ya kulipa mafuta ya injini, wavu na vijana. Sasa weka taa 8 za LED za wati 15 kila moja, ambazo mwanga wake unakaribia wa karabai nzuri. Usiku mzima zinakula wati-saa 1,200, yaani kilowati-saa moja na kidogo. Upande mmoja nishati ya karibu kilowati-saa 100 ndani ya madumu, upande wa pili moja na kidogo ndani ya betri. Nimezirudia hesabu hizi mara kadhaa kwa sababu tofauti yake ni kubwa kiasi cha kutia shaka, na kila mara zimetoka vilevile.

Siri iko katika namna nuru inavyozaliwa. Karabai hutoa nuru kwa kupasha kitu moto mpaka king'ae. LED haipashi, umeme unapita katika punje ya madini na kutoa nuru moja kwa moja. Nyekundu na kijani zilipatikana mapema, buluu ikawashinda watafiti kwa miaka mingi, na bila buluu haikuwezekana kupata nuru nyeupe. Wazaliwa wa Japani Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura ndio waliofumbua fumbo hilo, wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Ile taa nyeupe inayoning'inia kwenye mti wa kipe pale Kirando ni punje ya buluu iliyofunikwa unga wa manjano.

Wenye mashua za tanga duniani waliikimbilia taa hiyo kwa sababu ileile ya mvuvi wetu. Mashua ya tanga haina injini ya kuchaji betri usiku kucha; taa ya zamani ya mlingotini yenye wati 25 iliweza kuinyonya betri kabla ya alfajiri, wakati LED ya wati 2 au 3 inafanya kazi hiyohiyo. Kwenye Ziwa Viktoria, kampuni ya Osram ilifungua kituo pale Mbita, Kenya, mwaka 2008, wavuvi wakikodi taa za betri na kuzirudisha kuchajiwa. Kwetu biashara imefuata njia yake: mafundi wa sola na vijana wa maduka ya vifaa vya umeme ndio walioifikisha mialoni.

Na hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Mwenye chombo anaokoa shilingi za mafuta, kisha ananunua betri mbovu. Betri ya kawaida ya risasi na asidi haipendi kumalizwa. Ukiitoa zaidi ya nusu ya uwezo wake kila usiku, inakufa kabla ya mwaka. Kwa hiyo wati-saa 1,200 zinahitaji betri za volti 12 zenye jumla ya ampea-saa 200, si 100 kama wengi wanavyouziwa. Paneli nazo zisipungue wati 300, maana jua la kutegemewa kwa siku ni saa 5 hivi, na kuna kinachopotea njiani. Wati zilizoandikwa kwenye ganda la taa usiziamini. Taa ndogo ya plastiki iliyoandikwa wati 200 haiwezi kuzitoa. Mwambie muuzaji aiwashe na apime umeme inaokula, chombo cha kupimia kila fundi anacho.

Waya ndio nusu ya taa. Maji ya Tanganyika si ya chumvi kama ya bahari ya Zanzibar, kwa hiyo shaba haioti kutu ya kijani haraka, lakini unyevu unapenya kila mahali. Maungio yaliyosokotwa kwa vidole na kufungwa nailoni hayafiki mwisho wa msimu. Yachomelewe kwa risasi, yafunikwe kwa mpira unaokazwa kwa moto, waya ufungwe kwenye mti usivutwe na wimbi. Fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri, kwa sababu nyaya za betri kubwa zikigusana ndani ya chombo cha mbao zinaweza kuwasha moto. Betri ikae ndani ya sanduku au dumu lililokatwa, limefungwa lisipinduke. Ikifa isitupwe ziwani wala kwenye mchanga wa mwalo: risasi ni sumu, na wanunuzi wa vyuma chakavu huichukua kwa fedha.

Sasa niseme lile linaloniuma. Taa zote hizo tumezifunga kwa ajili ya samaki. Kipe kina nuru 8 zinazotazama chini majini, na hakina hata moja inayomwambia mwenye chombo kingine kwamba hapa kuna watu. Kikimaliza kuvua kinazima zote ili kutunza betri, kisha kinarudi pwani gizani. Ziwa hili lina urefu wa kilometa 670 hivi na linapitiwa na vyombo vya nchi nne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Boti za abiria, mitumbwi ya mizigo na meli vinapita maji yaleyale. Meli ya MV Liemba, iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ilikuwa kubwa kiasi cha kuonekana kutoka mbali. Mtumbwi wa mbao usiku hauonekani mpaka umeufikia.

Kanuni za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana, za mwaka 1972, zimeliweka jambo hili wazi. Chombo kinachotembea kinaonyesha nyekundu kushoto, kijani kulia, nyeupe nyuma. Chombo kinachovua kwa wavu usioburutwa kinaonyesha taa mbili za kuzunguka pande zote: nyekundu juu, nyeupe chini. Hata mashua ndogo ya tanga isiyofika meta 7, isipoweza kuweka taa hizo, inatakiwa iwe na tochi au taa nyeupe tayari mkononi, iimulike mapema. Zamani mvuvi alikuwa na udhuru: nani angechoma lita ya mafuta kwa taa isiyovuta samaki? Leo udhuru huo umekufa. Taa ya LED ya wati 3 juu ya mti inakula wati-saa 30 kwa usiku wote, sehemu moja ya arobaini ya kile kinachopewa dagaa.

Iwekwe juu, isiwachome macho vijana wanaovuta wavu. Jicho lililozoea giza likipigwa na nuru kali huchukua dakika nyingi kurudi, na katika dakika hizo mtu hukanyaga pasipokuwepo ubao. Ya kufanyia kazi ndani ya chombo iwe hafifu na yenye kofia. Nyekundu hafifu ndiyo isiyoyasumbua sana macho yaliyozoea giza.

Kuna hatari nyingine, na hii inatufikia hadi Pito. Nuru ya manjano ya karabai haizami sana, maana rangi zinazoelekea wekundu humezwa na maji mapema. Buluu na kijani ndizo zinazozama, na LED nyeupe imejaa buluu, katika ziwa ambalo maji yake ni maangavu mno. Umeme ukishakuwa rahisi, kishawishi ni kuongeza: taa 8 ziwe 16, jirani akiona naye aweke 20, na usiku uliokuwa wa mapumziko kwa sababu ya mwezi ufanywe wa kazi. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake waliandika katika jarida la Nature kwamba joto linaloongezeka limepunguza uzalishaji wa chakula cha samaki katika Tanganyika kwa takriban asilimia 20, na wakakadiria kuwa mavuno ya samaki yangepungua kwa asilimia 30 hivi. Maji ya juu yakizidi joto hayachanganyiki vizuri na ya kilindini, na rutuba inabaki chini. Ziwa lenye kina cha karibu meta 1,470 linaonekana kama ghala lisilokwisha, lakini samaki wanaishi katika tabaka la juu tu lenye hewa. Huko chini hakuna pumzi.

Kwa sababu hizo nchi nne zilikubaliana kulipumzisha, na mwaka 2024 Tanzania ikasimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Miezi ile jikoni kwetu tulikula maharage. Hatukulalamika, kwa sababu shamba nalo hulazwa.

Ombi langu basi linawaendea matajiri wa vyombo kuanzia Kabwe hadi Kasanga. Mmeokoa mafuta, na haki yenu mmeipata. Kabla hamjanunua taa ya tisa ya kumtafuta dagaa, nunueni ya kwanza ya kumlinda kijana anayewavulia. Fundi ataifunga kwa nusu saa. Nasi huku juu, tutakaponunua sado ya dagaa wasionuka mafuta, tutajua kwamba waliowavua walirudi nyumbani wakionekana.